Mlango wa Simu Hufunguliwa kwa Mkono wa Mwenyewe

Mwishoni mwa mwaka 2021 vyombo vya habari vya kimataifa viliripoti kwamba simu za wafanyakazi kadhaa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, waliokuwa Uganda au wakishughulikia mambo ya nchi hiyo, zilidukuliwa kwa Pegasus, programu ya ujasusi iliyotengenezwa na kampuni ya NSO ya Israel. Programu ya namna hiyo huweza kuingia katika simu pasipo mwenyewe kubonyeza chochote. Ni jambo la kutisha, na limetokea ng'ambo tu ya ziwa letu.

Hata hivyo, silaha hiyo ni ya gharama kubwa mno. Haielekezwi kwa mama anayeuza dagaa Nyasho, hapa Musoma, wala kwa ustadhi anayekusanya ada za madrasa kwa simu yake. Anayewawinda hawa hana haja ya kuvunja kitu. Hubisha hodi kwa upole, akaomba ufunguo, akapewa.

Na ndani ya nyumba hiyo mna mengi. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, simu imekuwa sanduku la fedha la familia. Katika simu moja waweza kukuta karo ya mtoto aliye bweni Bunda, fedha za kikoba cha akina mama, akiba ya mahari, na picha za mabinti waliopigwa wakiwa nyumbani bila hijabu. Sehemu kubwa ya hivyo si mali ya mwenye simu, bali ni amana aliyokabidhiwa, na amri ya kurejesha amana kwa wenyewe imo katika Suratun Nisaa, aya ya 58. Mtu akiiacha simu yake wazi, wanaodhulumiwa ni wengi.

Tutazame ulaghai unaoyapata makundi ya WhatsApp, kwa kuwa huo ndio unaoziumiza jamaa zetu za msikitini. Mwizi huweka namba yako katika simu yake na kuomba kufungua akaunti. WhatsApp hutuma tarakimu sita kwenye laini yako, ili kuhakikisha kwamba mwombaji ni wewe. Hapo hukupigia au kukuandikia, pengine kwa jina la mtu unayemjua ambaye naye amekwisha kunaswa, akisema: "Samahani dada yangu, kuna namba imekuja kwako kwa makosa, nisomee." Ukimsomea, umekwisha. Akaunti inahamia kwake, na ndani ya dakika chache wanakundi wote wanaombwa, kwa jina lako na picha yako, mchango wa haraka wa maiti aliyefia hospitali. Nani atakayehoji habari ya janaza? Mwizi anaijua huruma ya Waislamu, na ndiyo anayoipora.

Dawa yake ni mbili. Kwanza, ingia katika mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya akaunti, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili na kujiwekea namba ya siri. Mwizi akizipata zile tarakimu sita, bado atakwama kwenye mlango wa pili. Pili, kila mwenye kundi awazoeze watu wake kwamba ombi la fedha halijibiwi mpaka mwombaji apigiwe simu ya kawaida na sauti yake isikike. Mwizi wa namna hii ameiteka WhatsApp tu, laini bado iko kwa mwenyewe, kwa hiyo ukipiga kwa kawaida atapokea mwenye namba na hila itafichuka papo hapo. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatutaka tuichunguze habari inayoletwa na mtu asiyeaminika kabla ya kuifanyia kazi. Wengi wetu tunaisoma, kisha tunatuma fedha kabla ya kuuliza.

Ukiwa umekwisha nyang'anywa, ifungue WhatsApp upya kwa namba yako na uingize tarakimu mpya zitakazotumwa kwako, mwizi atatolewa. Ikiwa amekuwekea namba yake ya siri, itakubidi usubiri siku saba kabla ya kuingia, lakini naye hatakuwamo. Wakati huo watangazie jamaa kwa njia nyingine.

Wapo waliodhani usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza mwaka 2019, ungeukomesha utapeli. Haukuukomesha. Ripoti za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, zimekuwa zikiitaja Rukwa na Morogoro miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai. Mtu wa Nyasho anatapeliwa na asiyewahi kuiona Musoma. Baadhi ya laini za kitapeli zimesajiliwa kwa vidole vya watu wasio na habari: muuza laini anamwambia bibi kidole hakijasomeka, abonyeze tena, kumbe cha pili kinasajili laini nyingine. Piga *106# uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Wasaidie na wazee nyumbani kufanya hivyo.

Usipige msimbo wowote unaoelekezwa na mtu aliyekupigia, hasa unaoanza na nyota mbili na 21, kwani huo huhamishia simu zako kwake. Aliyekwisha kuupiga abonyeze ##002# kuufuta. Weka pia namba ya siri ya laini yenyewe, si ya simu peke yake: simu iliyofungwa haimzuii mwizi kuichomoa kadi na kuiweka katika simu nyingine. Na mwaka wa kuzaliwa si namba ya siri. Umeandikwa kwenye kitambulisho.

Mikopo ya mtandaoni nayo ni mlango. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Nyingi za aina hiyo huomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo katika simu, kisha mkopaji akichelewa, wakwe na majirani hutumiwa ujumbe wa kumdhalilisha. Riba yake peke yake ingetosha kumzuia Muislamu. Vilevile usisakinishe programu iliyotumwa kama faili katika WhatsApp, iwe imepewa jina la ajira au la zawadi.

Liko jambo ambalo familia hazipendi kulizungumza. Mara nyingine mdukuzi analala chumba kimoja nawe. Mume huunganisha WhatsApp ya mkewe na simu yake, au mke ya mumewe, kwa sekunde chache wakati mwenzake yuko bafuni, kisha kila ujumbe unasomwa. Atakayeshuku afungue sehemu ya vifaa vilivyounganishwa na kuondoa asichokijua. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaharamisha kuingia katika mfumo wa mwingine bila idhini, na aya ya 12 ya Suratul Hujurat inakataza kupelelezana. Mtoto mdogo kusimamiwa simu na wazazi wake, naye akijua kwamba anasimamiwa, ni malezi. Hilo ni jambo jingine.

Simu ikienda kwa fundi, toa laini na kadi ya kumbukumbu kwanza. Ikiuzwa, ifutwe yote.

Fedha zikikwisha kutoka, usipoteze muda kubishana na tapeli. Pigia huduma kwa wateja ya mtandao wako uombe muamala uzuiwe kabla hajautoa, kwa maana baada ya dakika chache huwa hakuna cha kuzuia. Ujumbe usiufute: utume kwenda 15040, namba ya TCRA ya kupokea taarifa hizo, kisha nenda nao polisi ukapewe RB.