Uvimbe Chini ya Sikio na Kupooza kwa Uso

Apitaye katika soko la Kariakoo mbele ya mafungu ya ukwaju na ndimu, kinywa chake hujaa mate kabla hajaonja kitu. Mate hutoka hasa katika jozi 3 za tezi kubwa: chini ya ulimi, chini ya taya, na mbele ya masikio. Hizi za masikioni ndizo kubwa kuliko zote.

Ndani ya tezi ya sikioni hupita neva ya uso. Neva hiyo haiiamuru tezi hiyo kutoa mate. Inapita tu, kama njia ikatayo shamba la jirani. Humo hugawanyika matawi makuu 5 yaendayo kwenye misuli ya paji, macho, mashavu, midomo na shingo. Kwa neva hiyo mchuuzi hutabasamu, hukonyeza na hupiga mluzi.

Kupooza kwa uso si kwa namna moja. Kuko kupooza kwa ghafula, kuitwako kwa jina la Charles Bell, tabibu wa Uskochi aliyeieleza neva hii mwaka 1821. Hutokea katika muda wa siku 3, na wengi hupona. Lakini uso unaopooza polepole, tena pana uvimbe mbele au chini ya sikio, ni jambo jingine.

Uvimbe mwingi wa tezi hii si saratani. Hukua taratibu na kuisukuma neva kando bila kuidhuru. Saratani, kinyume chake, huipenya neva na kuiharibu. Ndiyo maana uvimbe ukifuatana na kupooza huwa ishara ya hatari. Hata uvimbe usiouma usipuuzwe, kwani baadhi hugeuka saratani baada ya miaka mingi.

Wapo wanaodhani uso umepigwa na upepo mbaya, wakapoteza miezi. Na hali Hospitali ya Muhimbili iko Upanga, jirani na Kariakoo. Huko chembe za uvimbe huvutwa kwa sindano nyembamba na kutazamwa kwa hadubini. Katika upasuaji, daktari hulitafuta kwanza shina la neva ili asilikate, ndipo auondoe uvimbe. Ikiwa ni saratani, huenda mgonjwa akahitaji pia mionzi, itolewayo katika Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Mwanafunzi na asimame mbele ya kioo: akunje paji, afumbe macho, aonyeshe meno. Upande mmoja ukikataa, iwe ghafula au polepole, na aende hospitali bila kukawia.