Mashine ya Mkia Mrefu Inapotetemeka na Kupiga Kelele

Mashua nyingi ndogo huendeshwa kwa mashine iningʼiniayo nyuma, ambayo rafadha yake huzama chini majini. Mashine hiyo ni nzuri penye kina. Lakini penye tope, nyasi na mizizi ya mikoko haifai, kwani rafadha hukwama, na maji ya kupoza injini huvutwa pamoja na matope. Kwa ajili ya mahali kama hapo watu walibuni mashine ya mkia mrefu. Ni maarufu sana huko Thailand, na katika vinamasi vya Louisiana, Marekani, wawindaji wa bata huitumia pia. Huku kwetu mjomba wangu anayo moja. Huchukulia abiria na samaki katika vijito vya delta ya Rufiji, ambako maji yakipwa hubaki tope tupu.

Umbo lake si la kutatanisha. Juu ya tezi hukaa injini ndogo ya petroli, yenye silinda moja na kupozwa kwa upepo, kama ile ya pampu ya kumwagilia bustani. Kutoka kwenye injini hutoka bomba refu, lipatalo mita 2 hivi, na ndani yake huzunguka shafti. Shafti hushikwa na beringi au bushi. Mwishoni pana sili ya kuzuia maji yasiingie, na baada ya sili pana rafadha. Mwendeshaji huinua mkia apitapo juu ya tope, na huuteremsha afikapo penye maji.

Mashine ya silinda moja haikosi kutetemeka kidogo, na hilo si ugonjwa. Ugonjwa ni mtetemo uliozidi ule wa jana, au sauti ambayo haikuwapo. Mtetemo hulegeza nati, hupasua ubao wa tezi na kutoa kalafati, nayo maji huanza kuingia. Mashine ikizima katikati ya mikoko wakati maji yanapwa, abiria watakaa juu ya tope mpaka maji yajae tena, hata kama miongoni mwao yumo mgonjwa apelekwaye hospitali.

Yafaa kwanza tujue kwa nini kasoro ndogo huleta mtikiso mkubwa. Tuchukue injini izungukayo mara 3,600 kwa dakika, yaani mara 60 kwa sekunde, na shafti yake ikizunguka sawa nayo. Ikiwa bawa moja la rafadha limezidi jingine kwa gramu 10 tu, na uzito huo uko sentimita 10 kutoka katikati, hesabu ya fizikia yatuonyesha kwamba shafti huvutwa upande kwa nguvu ya nyutoni 142 hivi. Hiyo ni sawa na mzigo wa kilo 14 na nusu, unaovuta upande huu na upande huu mara 60 kila sekunde! Mwendo ukipunguzwa nusu, nguvu hiyo hushuka hata robo yake. Ndiyo sababu mashine yaweza kutulia ikienda polepole, na kutikisa mashua nzima ikikazwa.

Sasa tuje kwenye kutafuta kasoro. Kanuni ni moja: tafuta kwanza mahali ilipo, ndipo ununue kipuri. Na kabla ya kugusa rafadha au shafti, zima injini na uchomoe waya wa plagi, ili isije ikawaka mkono wako ukiwa hapo.

Kwanza, tazama rafadha. Ondoa nyasi, nyuzi na vipande vya nyavu. Kisha funga kijiti kwenye bomba, ncha yake ikaribie bawa, na uzungushe rafadha kwa mkono. Kila bawa lipite mbali na ncha kwa kiasi kile kile. Bawa lipitalo mbali zaidi au karibu zaidi limepinda. Ili kujua uzito, ivue rafadha, ipitishe kwenye fimbo nyofu ya chuma iliyo laini, na ilaze fimbo juu ya kingo mbili zilizo sawasawa. Bawa lile lile likishuka chini kila mara, hilo ndilo zito. Lipunguzwe kwa tupa, kidogo kidogo.

Pili, shika mwisho wa shafti, uinue na kuushusha. Ukicheza, beringi au bushi imelika. Kisha elekeza ncha ya kijiti kwenye shafti yenyewe na kuizungusha. Nafasi ikipanuka na kufinyika, shafti imepinda. Shafti iliyopinda haiponi kwa kubadilishiwa rafadha.

Tatu, kagua nati zote: za kiungo cha injini na shafti, za miguu ya injini, na za egemeo kwenye tezi. Nati iliyolegea mara nyingi hujitangaza kwa alama ya kutu au ya chuma kilichosuguliwa pembeni mwake.

Nne, fungua kiungo, uitenge shafti na injini, kisha uwashe injini peke yake. Ikitetemeka vile vile, ugonjwa umo katika injini au miguu yake. Ikitulia, ugonjwa uko mkiani, na hapana haja ya kumsumbua fundi wa injini.

Sauti nazo hutusaidia. Mgongo wa "ko, ko, ko" injini ikienda polepole, aghalabu ni kiungo kilicholegea. Sauti ya kusaga kama mchanga ni beringi iliyokosa grisi au iliyoingiwa na maji. Mlio wa kufoka karibu na bomba la moshi ni gasketi iliyoungua au nati zake zilizolegea. Na injini ikivuma ghafla kwa nguvu huku mashua haiongezi mwendo, huenda hakuna kilichovunjika: rafadha iko juu mno, inavuta hewa badala ya maji. Teremsha mkia na upunguze mwendo.

Faida ya utaratibu huu niliiona likizo iliyopita. Mashine ya mjomba ilikuwa ikitetemeka hata vikombe havikai juu ya ubao. Fundi mmoja alimbadilishia plagi na raba za miguu ya injini, kisha akamshauri anunue injini nyingine. Fedha za injini hiyo zingetoka katika karo na nauli zetu, mimi na watoto wake wawili. Tulipotenga shafti, injini ilitulia. Tulipovua rafadha tukakuta uzi wa mshipi umejiviringa nyuma yake, umekata sili. Maji na tope vilikuwa vimeingia, vikaosha grisi na kula bushi. Sili na bushi mpya zilitosha. Injini ni ile ile, na hadi leo inafanya kazi.

Tangu siku hiyo mjomba huvua rafadha kila Ijumaa kutazama kama pana uzi, na hupaka grisi kabla ya kuirudisha. Katika mashua huweka spana, pini ya akiba, na kasia mbili. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Wenzangu ambao wazazi wao wana mashua, pampu au mashine za kusaga, nawaomba wayajaribu haya nyumbani wakati wa likizo, wakianza na lile la kuchomoa waya wa plagi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne