Mifereji myembamba kama unywele inavyoharakisha majibu ya damu

Mama mjamzito mwenye kaswende anaweza kumkinga mtoto aliye tumboni akidungwa penisilini mapema. Akiambiwa arudi siku nyingine kuchukua majibu ya damu, huenda asirudi, na nafasi hiyo ikapotea.

Mwaka 2015, watafiti wakiongozwa na Samuel Sia wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walichapisha matokeo ya kifaa kinachochomekwa kwenye simu. Wahudumu wa afya nchini Rwanda walikitumia kuwapima watu 96, kwa damu ya kidole. Ndani ya dakika 15 kilitafuta kingamwili za virusi vya UKIMWI pamoja na dalili mbili za kaswende katika damu.

Kasi hiyo inatokana na namna chembe zinavyosafiri. Maji ya mtoni huzunguka na kuchanganyika. Ndani ya mfereji mwembamba kama unywele, majimaji husonga kwa matabaka yaliyotulia, na chembe huvuka kutoka tabaka hadi tabaka kwa kusambaa zenyewe tu. Muda wa kusambaa hufuata mraba wa umbali: umbali ukipungua mara 10, muda hupungua mara 100. Kwa hiyo kingamwili hufika upesi kwenye kuta za mfereji, ambako zimepakwa protini zinazozinasa.

Linalobaki ni kudhibiti zamu. Majimaji hupangwa kwa foleni, yakitenganishwa na viputo vya hewa ili yasichanganyike kabla ya wakati. Mhudumu hubonyeza mpira kwa mkono, nao ukijirudi huyavuta yote kwa mfuatano. Damu hutangulia, kisha majimaji ya kusuuza. Hufuata chembe ndogo mno za dhahabu zinazong'ang'ania kingamwili zilizonaswa. Mwishowe madini ya fedha hujikusanya juu ya dhahabu na kufanya utando unaozuia mwanga. Kadiri mwanga unavyopungua, ndivyo kingamwili zilivyo nyingi.

Kifaa hicho hakikukosa kasoro. Kilitambua asilimia 92 hadi 100 ya wenye maambukizi, kutegemea kipimo, lakini kwa wasio nayo usahihi ulikuwa kati ya asilimia 79 na 100. Maana yake, baadhi ya wazima wangeweza kuambiwa wameambukizwa, na majibu ya namna hiyo huhitaji kuthibitishwa.

Hata hivyo, asilimia 97 ya waliopimwa walikipendelea kuliko vipimo vya maabara. Wengi walitaja sababu moja: kuchomwa kidole mara moja na kupata majibu upesi.