Asili ya Injini ya Pikipiki za Abiria

Mtu asimamapo asubuhi kando ya Jogoo Road, au penye njia za kuingilia Umoja, Kayole na Dandora, huona pikipiki nyingi zikingoja abiria. Majina yaliyoandikwa kwenye matangi yake ni mbalimbali, na nyingi zimetoka India na China. Lakini fundi afunguapo injini za zile za China, mara nyingi hukuta umbo moja tu. Umbo hilo lilibuniwa Japani, katika pikipiki iitwayo Honda CG125.

Kampuni ya Honda iliundwa mwaka 1948 na Bwana Soichiro Honda. Pikipiki zake zilienea ulimwenguni, lakini katika nchi nyingi za joto na vumbi ziliharibika upesi. Wahandisi walipochunguza sababu, waliona kwamba wenye pikipiki walizifanyisha kazi kutwa, wakazipakia mizigo mizito, na oili waliibadilisha kwa nadra sana.

Katika injini nyingi za Honda za wakati ule, kamshafti, yaani mtaimbo ufunguao vali, ilikaa juu ya silinda, ikizungushwa na mnyororo mdogo. Oili ikichakaa, mnyororo huo hulegea na kamshafti hulika. Basi wahandisi waliishusha kamshafti ikae chini, ikazungushwa kwa gia, na vijiti viwili virefu vikapeleka mwendo juu kwenye vali. Mnyororo wa gurudumu la nyuma nao ukafunikwa ili usiingiwe na vumbi. Pikipiki hiyo ilitoka mwaka 1976. Haikuwa ya mashindano. Sifa yake ilikuwa uvumilivu.

Baadaye viwanda vya China vilianza kutengeneza injini za namna hiyo, vingine kwa ruhusa na vingine kwa kuiga, kwa bei iliyo nafuu.

Nchini Kenya, kazi ya boda boda ilianza mpakani Busia katika miaka ya 1960, kwa baiskeli. Mwaka 2008 Serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, zisizozidi sentimita za ujazo 250. Tangu hapo pikipiki ziliongezeka sana, na vijana wengi wa mitaa ya mashariki ya Nairobi wakapata kazi.

Hata hivyo yafaa jambo moja lieleweke. Injini hii iliundwa ivumilie uzembe, lakini haikuundwa iishi bila oili. Ndani yake mna oili kiasi cha lita moja tu, na oili hiyo hiyo hulainisha pistoni, gia na klachi pamoja. Tena injini haina maji ya kuipoza; hutegemea upepo na oili. Pikipiki isimamapo katika msongamano wa magari, upepo hupungua na kazi kubwa hubaki kwa oili.

Kwa hiyo mwendeshaji aipime oili kila asubuhi kabla ya kutoka, pikipiki ikiwa imesimama wima mahali pa sawa. Aibadilishe kwa wakati ulioandikwa katika kitabu cha pikipiki, wala asingoje mpaka asikie mlio. Wengi huchukua pikipiki kwa mkopo, na injini ikifa, deni halifi pamoja nayo.