Kabla hujauza nyumba ya Mombasa ukarudi Ukambani

Jirani yetu wa Mikindani alistaafu kazi ya bandarini miaka kadhaa iliyopita. Ana nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita aliyoijenga kidogo kidogo, na mke ambaye magoti hayamruhusu tena kupanda matatu bila kushikwa mkono. Watoto wanne waliolelewa humo wote wameondoka: wawili wako Nairobi, mmoja Doha, na mmoja ameolewa Voi. Juzi walimpigia simu wakiwa na neno moja. "Baba, hiyo nyumba ni kubwa mno kwenu. Uzeni mrudi Makueni, au tuwatafutie makao ya wazee mahali patulivu."

Mzee alikuja barazani na maswali mawili. La kwanza, hayo makao ya wazee yako wapi huko kwao? La pili, akishauza na mambo yakamshinda kule, atarudi wapi?

Maswali hayo si yake peke yake. Wakamba wa Pwani ni wengi, kuanzia Changamwe, Chaani na Bombolulu hadi Shimba Hills kule Kwale, ambako familia nyingi kutoka Ukambani zilipewa mashamba kabla ya uhuru. Wengine walikuja kuchonga vinyago, wengine bandarini, wengine reli. Sasa wamezeeka, na kila familia inajiuliza la kufanya. Haya ndiyo mambo ya kujua kabla ya kufunga mizigo.

Makao ya wazee yako wapi?

Katika nchi kama Marekani, mtu akistaafu anaweza kuuza nyumba ya familia akahamia mtaa uliojengwa kwa ajili ya wazee. Anapata nyumba ndogo, muuguzi yuko karibu, na majirani ni wa rika lake. Analipa kila mwezi. Mtindo huo haujashika mizizi Ukambani. Makao ya wazee yanayojulikana zaidi Kenya yako Nairobi, kama Nyumba ya Wazee ya masista wa Little Sisters of the Poor kule Kasarani, na Mji wa Huruma wa serikali ya kaunti kule Runda. Hayo kwa kawaida huwapokea wazee wasiokuwa na kitu wala mtu wa kuwatunza. Mzee mwenye nyumba na watoto wanne akipelekwa huko, ukoo mzima utauliza watoto wamefanya nini.

Hata hivyo, Kitui ina kijiji ambacho wazee wengi walihamia wakiacha makwao. Kinaitwa Nyumbani, nacho kiko Kwa Vonza, upande wa barabara ya Machakos kwenda Kitui. Hakikujengwa kwa ajili ya wastaafu, lakini ndicho kitu kilicho karibu zaidi na wanachokisema watoto wa jirani yetu, na kina mafunzo.

Chanzo chake ni ukimwi. Mwaka 1992 padri Mjesuti kutoka Marekani, Angelo D'Agostino, ambaye pia alikuwa daktari, alifungua makao Nairobi ya watoto waliozaliwa na virusi na kuachwa. Sista Mary Owens, mtawa wa Loreto kutoka Ireland, alifanya kazi hiyo pamoja naye. Baadaye wakaona pengo jingine huko vijijini. Ugonjwa ulikuwa umewaondoa watu wa umri wa kati, yaani baba na mama. Waliobaki ni watoto wadogo na bibi zao. Susu wa miaka 65 alijikuta na wajukuu watano, shamba kavu, na hana nguvu za jembe.

Baraza la kaunti la Kitui la wakati huo likatoa ekari zipatazo 1,000, na kijiji kikaanza mwaka 2006, mwaka ambao Padri D'Agostino alifariki. Mpango ni kwamba susu au umau mmoja anapewa nyumba moja na kulea watoto wapatao kumi. Wengine ni wajukuu wake wa damu, wengine ni yatima wasio na mtu. Kijiji kilikua hadi nyumba zipatazo 100 na watoto wapatao 1,000. Kina shule ya msingi, shule ya upili, chuo cha ufundi na zahanati. Kina mashamba ya mboga, na miti ya mukau imepandwa kwa ajili ya mbao za baadaye, kwa kuwa mukau unastahimili ukame wa Kitui.

Tazama jambo hili. Mzee aliyehamia pale aliacha boma lake, majirani wa miaka mingi na makaburi ya watu wake. Kwa macho ya Mkamba hiyo ni hasara kubwa, maana musyi, yaani nyumbani, ni pale unapozikiwa. Lakini alipofika hakukalishwa kwenye kiti akaambiwa apumzike. Alipewa ufunguo, jiko na watoto kumi. Asubuhi kuna mtu anayemhitaji. Anaitwa susu na watoto ambao hakuwazaa, na neno lake ndilo linalosikika nyumbani mle.

Jambo la pili ni kwamba nyumba ya kijijini ni ya mradi. Haiuzwi wala hairithiwi. Kwa hiyo shamba la ukoo huko alikotoka mzee haligeuki kuwa kitu cha zamani. Bado ndilo urithi wa wajukuu wake, na likichukuliwa na watu wakati yeye hayupo, mtoto atamaliza shule asiwe na pa kwenda.

Sisi Pwani tunalijua hili kwa njia chungu zaidi. Kule Ganze, kituo cha Kaya Godhoma kimewahifadhi wazee waliokimbia makwao baada ya kuitwa wachawi na kutishiwa kuuawa, mara nyingi na watu wa damu yao. Ukichimba kidogo chini ya madai ya uchawi, mara nyingi unakuta shamba. Wazee hao nao wamehama nyumba ya familia kwenda kuishi na wazee wenzao. Lakini wao wamefukuzwa. Hawakuombwa neno, hawakuachiwa kazi, na shamba lina mtu mwingine.

Kwa hiyo ukubwa wa nyumba anayohamia mzee si jambo la kwanza la kuuliza. Uliza kwanza: anapohama, bado ana sauti? Ana kazi ya kufanya? Na haki yake kwa alichokiacha imeandikwa mahali? Tukishika hayo matatu, sasa tuje kwenye hesabu za jirani yetu.

Nyumba ya Mombasa

Kitu cha kwanza ni kujua unamiliki nini hasa. Sehemu nyingi za Mombasa zina umiliki ambao ndugu zetu wa bara huushangaa: nyumba bila ardhi. Kuta na paa ni zako, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine na unamlipa kodi ya ardhi. Ukiuza, unauza jengo tu, na mnunuzi atataka kujua kama mwenye ardhi anamkubali na kama kodi imelipwa. Bei haiwezi kulingana na ya nyumba yenye hatimiliki. Wazee wengi hupanga maisha ya Makueni kwa hesabu ya bei ya nyumba yenye ardhi, kisha wanashtuka siku ya kuuza.

Pili, mama ana neno. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hairuhusu mmoja wa wanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Hata kama jina kwenye karatasi ni la baba peke yake, mama ndiye aliyekaa kwenye nyumba hiyo, na wakili makini hatapitisha mauzo bila saini yake. Watoto wanaopiga simu kutoka mbali wamwulize na yeye, si baba tu.

Tatu, vyumba sita ni pesa ya kila mwezi. Wazee wakibaki na chumba kimoja na kupangisha vitano, kodi yake inaweza kuwatunza muda mrefu kuliko pesa za kuuza, ambazo zikifika mkononi huwa na watoto na wajomba wengi. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Shamba la kwenu

Wengi huamini shamba la Ukambani linawangoja tu. Baba alisema sehemu ya mtoni ni yako, basi. Lakini baba ameshakufa, ndugu aliyebaki amelima hapo miaka 30, na wanawe wamejenga. Sehemu nyingi za Kitui mashamba bado hayana hatimiliki, na hata Makueni utakuta hati moja yenye jina la babu aliyefariki zamani.

Hilo halitatuliwi kwa kelele za siku ya mazishi. Kama mwenye hati amekufa, familia inafuata urithi mahakamani chini ya Sheria ya Urithi, kwa kawaida kuanzia na barua ya chifu inayowataja warithi wote. Sheria hiyo haibagui binti na mwana. Yule binti aliyeolewa Voi ana haki sawa na kaka yake wa Doha, na kumwacha nje ya orodha ni kuipa familia kesi ya baadaye.

Kama mwenye shamba yu hai na anataka kulikata au kulihamisha, ardhi ya kilimo lazima ipate idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi ya eneo hilo, na ombi hupelekwa ndani ya miezi sita tangu mapatano. Bila idhini, mauzo hayo ni batili, hata kama wazee wa ukoo walikunywa na kupeana mikono. Ukinunua kaekari ka kujengea nyumba ndogo ya uzeeni karibu na Wote au Kibwezi, kumbuka hatua hiyo.

Maji, hospitali na barabara

Kwa mtu aliyezoea mfereji wa Mombasa, hata ule unaokatika, Ukambani maji ni jambo la kupangiwa. Mvua ni misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na ile ya mwisho wa mwaka ndiyo wakulima wanaiamini zaidi. Kitui imesaidiwa sana na mabwawa ya mchanga, ambayo shirika la SASOL na wanavijiji wamejenga kwa mamia kwenye mito ya msimu. Ukuta huzuia mchanga, na mchanga huhifadhi maji chini ambako jua haliyafikii. Lakini mama mwenye magoti mabovu hawezi kuchota mtoni. Nyumba ndogo ya uzeeni ianze na paa la mabati, mifereji ya paa na tangi kubwa. Choo kiwe cha kukalia, na mlango usiwe na ngazi.

Hospitali kubwa za karibu ni za rufaa Wote na Kitui, na Makindu kwa wanaokaa karibu na barabara kuu. Pima umbali kwa pikipiki, usiku, mvua ikinyesha. Tangu Oktoba 2024 bima ya taifa ni SHA, kwa hiyo hakikisha mnajisajili nyote wawili na kujua kituo gani cha karibu kinawapokea.

Barabara imekuwa rahisi kuliko zamani. Treni ya SGR, iliyoanza mwaka 2017, ina vituo Mtito Andei, Kibwezi na Emali, na kutoka Kibwezi sasa kuna lami kupitia Mutomo hadi Kitui. Mtoto hana tena kisingizio cha kusema nyumbani ni mbali.

Pesa za kila mwezi

Waliofikisha miaka 70 wasiopokea pensheni wanaweza kuomba Inua Jamii, Sh2,000 kwa mwezi. Si pesa za kumlea mtu peke yake. Mwenye pensheni ahesabu hiyo, au malipo ya NSSF kama hayajaisha, ongeza kodi ya vyumba, kisha andika kila mtoto atatuma kiasi gani na tarehe gani. Katiba, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia yake na kwa serikali. Familia imetajwa hapo kwa jina.

Jaribu kwanza

Ushauri tuliompa jirani yetu ni mfupi. Usiuze chochote mwaka huu. Panga misimu miwili ya mvua kule, mmoja wa kupanda na mmoja wa kuvuna. Ukiona mama anacheka zaidi ya alivyocheka Mikindani, na ukipata kazi ya kukuamsha asubuhi, iwe mbuzi kumi, miche ya maembe au wajukuu wa ndugu wanaohitaji kusimamiwa masomo, hapo ndipo uanze kuzungumza habari za kuuza.

Amekubali nusu. Vyumba vitano vina wapangaji. Cha sita amekifunga kufuli, na ufunguo mmoja ameuacha kwetu. Yeye na mkewe waliondoka na treni ya asubuhi wakiwa na magunia mawili, cherehani, na faili la plastiki lenye nakala ya hati ya babu yake. Mama alituambia hilo faili ndilo lililomfanya akubali kwenda.