Kufundisha Safari ya Joto kwa Mfano wa Kompyuta Inayopozwa kwa Maji

Katika kipindi kimoja cha sayansi tuliwaeleza wanachuo wetu kwamba maji yanayozunguka ndani ya kompyuta "huua joto". Mmoja wao akauliza: "Ikiwa maji yameliua joto, rejeta ina kazi gani?" Tulikosa jibu, kwa kuwa maelezo yetu yalikuwa na kosa. Joto haliuawi, bali huhamishwa. Makala haya yanakusudia kumwepusha mwalimu na kosa hilo, maana mtoto akilipokea katika shule ya msingi ni vigumu kuling'oa baadaye.

Tuanze na chombo chenyewe. Mtu anayejiundia mfumo huu nyumbani huhitaji vitu vitano: bamba la shaba lenye vijia vyembamba ndani yake, pampu, tangi dogo, rejeta yenye feni, na mipira ya kuviunganisha. Bamba hukazwa juu ya prosesa, na kati yao hupakwa dawa nzito inayoziba nafasi za hewa. Joto hutoka katika prosesa na kuingia katika shaba kwa njia ya mpitisho, maji hulichukua, rejeta hulikabidhi kwa hewa. Ndiyo sababu maji hayo hayawezi kuwa baridi kuliko hewa ya chumba.

Wengi hudhani kwamba maji hutoka kwenye bamba yakiwa ya moto sana. Hesabu inaonyesha vingine. Kilo 1 ya maji huhitaji jouli 4,200 hivi ili ipande digrii 1 ya sentigredi. Prosesa itoayo wati 200 hutoa jouli 12,000 kwa dakika. Pampu ikipitisha lita 1 kwa dakika, maji yatapanda digrii 3 hivi tu. Kwa hiyo si lazima rejeta ifuate mara baada ya bamba. Lililo la lazima ni tangi kutangulia pampu, ili pampu isizunguke pakavu.

Tahadhari ni mbili. Kwanza, rejeta ya alumini isitumiwe pamoja na bamba la shaba, kwani metali hizo zikiunganishwa na maji yale yale, alumini huliwa. Pili, kabla ya kompyuta kuwashwa, pampu huendeshwa peke yake kwa saa kadhaa, karatasi kavu zikiwa chini ya viungio vyote. Maji machache juu ya sakiti yenye umeme yaweza kuiharibu kompyuta nzima.

Shule isiyo na kompyuta yaweza kulifanya somo hili vizuri. Mwalimu achovye sehemu ya kati ya mpira mwembamba katika sufuria ya maji moto, yasiyochemka. Apitishe ndani ya mpira maji baridi kutoka ndoo iliyo juu, na ayakinge chini. Wanafunzi wayaguse: yamekuwa vuguvugu. Yarudishwe ndooni na kupitishwa tena mara nyingi. Polepole ndoo itapata joto na sufuria itapoa, hata maji yashindwe kupoza tena. Hapo mwalimu aulize: "Tufanye nini?" Atakayependekeza yamwagwe katika sinia pana na kupepewa, huyo amegundua kazi ya rejeta.

Mwalimu asiwahi kulitaja jibu hilo. Sisi tuliwahi kusema kabla ya kufikiri, na mwanachuo ndiye aliyetusahihisha.