Mama alileta kilo 60, mashini ikasoma 14



Wengi wenu muliniuliza juu ya ile lisiti ya malipo ya maharagwe iliyotoka vibaya katika koperative moja ya hapa Katoyi. Mama mmoja alileta kilo 60, lakini mbele ya jina lake kukaandikwa 14. Watu wakaanza kusema sekretere amekula. Hakukula.

Katika kaye, macho yanaona juu ya karatasi: jina, kilo, tarehe. Mashini nayo inapanga vitu katika safu, zile tunaita kolone. Kijana aliyeandika programu aliiambia: katika jibu, safu ya pili ndiyo kilo. Ikaenda vizuri mpaka siku tulipobadilisha swali, tukaomba na unyevu, tukauweka kati ya jina na kilo. Basi safu ya pili ikawa unyevu. Ile 14 ilikuwa asilimia ya maji ndani ya maharagwe! Mashini haikulalamika, juu zote mbili ni namba tu.

Dawa yake ni programu iulize kwanza safu za jibu zinaitwaje, kisha itafute «kilo» kwa jina. Jibu linakuja na maelezo ya safu zake. Katika Python yako ndani ya description: vitu saba kwa kila safu, cha kwanza ni jina, cha pili aina (namba, maandishi, tarehe). Lakini ukitumia SQLite, ambayo inatosha kabisa kwa koperative ndogo, jina peke yake linajazwa. Vile sita vingine viko tupu. Katika Java, maelezo yanatoka kwa ResultSetMetaData. Vijana waangalie: Java inahesabu safu kuanzia 1, Python kuanzia 0.

Aina ya safu nayo si mchezo. Namba ya simu iwekwe kama maandishi. Ikiwekwa kama namba, ile 0 ya mbele inapotea. Tena, tupu si sifuri: tupu ni kusema hatujapima.

Mimi napenda safu iitwe «kilo_kavu» kuliko «kiasi», maana kwetu kiasi kinaweza kuwa kilo, mfuko ao guigoz. Kwenye mkutano unaokuja, muombe sekretere atoe lisiti yenye majina ya safu juu, muilinganishe na kaye mstari kwa mstari. Ndivyo tulivyofanya kule, na yule mama alilipwa kilo zake 60.